Malezi ya Vifaranga Mchanganyiko Nakivale

Sanduku la vifaranga linaloondoka Mbarara asubuhi huwa na matundu pande zote, na ndani yake vyumba vinne vya kutiwa vifaranga 25 kila kimoja, ili wasirundikane upande mmoja gari linapokata kona wakauana kwa kubanana. Na abiria aliyelipakata katika teksi iendayo Nakivale kwa njia ya Isingiro hana budi kusikiliza safari nzima kelele za viumbe 100 ambao juzi walikuwa bado katika maganda. Wengi hustaajabu kwamba viumbe dhaifu kiasi hicho waweza kutoka katika nyumba za kutotolea zilizo karibu na Kampala, wakapita Masaka, wakashinda njiani bila punje wala tone la maji, na wakafika wazima. Sababu yake ni kiini cha yai, ambacho kifaranga hukivuta tumboni mwake muda mfupi kabla ya kuvunja ganda, nacho humtosha kuwa chakula kwa siku mbili hata tatu. Jambo hilo halikuumbwa kwa ajili ya wafanya biashara. Liliumbwa kwa ajili ya kuku anayeatamia, asiyeweza kuinuka kiotani mpaka mayai ya mwisho yaanguliwe, na watoto wa kwanza wapate kumngoja bila ya kufa njaa.

Nakivale yenyewe ni mahali pa kale katika tarehe ya ukimbizi wa Afrika Mashariki. Makazi hayo, yaliyo katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania, yalianzishwa mwaka 1958, na katika waliotangulia kukaa humo kwa wingi ni Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Tangu hapo kila msiba wa nchi za jirani umeleta watu wake, hata leo wakaazi wamezidi laki moja, Wakongomani wakiwa wengi kuliko wote, na pamoja nao Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Wahabeshi na Waeritrea, ambao sokoni wengi wao husikilizana kwa Kiswahili. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 yampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kusafiri, na desturi ya serikali ni kuipatia kila familia kipande cha ardhi. Illa watu wameongezeka na ardhi haikuongezeka, basi viwanja vimezidi kuwa vidogo. Posho ya chakula nayo imepunguzwa, hususan tangu 2023, Shirika la Chakula Duniani lilipoanza kuwapanga watu kwa madaraja ya uhitaji wao. Mwenye uwanja usiotosha shamba la mahindi wala la ndizi bado anayo nafasi ya kuku 20 au 30 nyuma ya nyumba, na ndiyo maana masanduku yale hayaishi njiani.

Mfugaji wa vitabuni hununua vifaranga 500 wa nasaba moja na umri mmoja, akawaingiza bandani siku moja na kuwatoa siku moja. Mfugaji wa Nakivale hufuata riziki inakotokea: ana vifaranga 20 wa Kuroiler, uzao uliotoka India na ambao umekwisha kuenea Uganda, aliowapata kwa kugawana sanduku na majirani, ana 8 wa kienyeji walioanguliwa wiki iliyopita na mtetea wake mwenyewe, ana bata wadogo 4 aliolipwa badala ya deni, na pengine kanga mmoja au wawili ambao hata yeye hakumbuki vizuri walivyofika. Washauri wengine humkataza mambo hayo kabisa. Mimi naona katazo hilo halina maana, kwa kuwa ni kama kumwamuru fukara aache ufukara; lenye faida ni kumweleza ni tofauti zipi zidhuruzo na zipi zisizodhuru. Tofauti ya rangi na nasaba baina ya kuku na kuku ni nyepesi sana, maadamu wako rika moja. Tofauti ya umri ndiyo hatari, hata kama wote wametoka kwa mama mmoja. Na tofauti ya wapendao maji na wasioyapenda yafuatia hiyo kwa karibu, kama tutakavyoona.

Kwanza mfugaji na atazame kama anaye mtetea aliyekwisha kulala juu ya mayai, kwa maana hakuna chombo kilichobuniwa na binadamu kinachomshinda huyo kwa urahisi wa gharama na wingi wa hikima. Kuku wa Kuroiler huongoza kwa mayai na kwa unene, lakini ni nadra kuatamia. Sifa hiyo imebaki kwa kuku wa kienyeji, yule mdogo anayebezwa sokoni kwa wepesi wake wa mizani. Usiku, giza likiisha kuingia, vifaranga wa siku 1 au 2 waliotoka katika sanduku huweza kupenyezwa mmoja mmoja chini ya mbawa zake iwapo mayai yake nayo yanaanguliwa siku hizo hizo, na kukicha akawahesabu kuwa wake bila ya kujali rangi zao. Hila hii hufaulu pande zote mbili ikiwahi tu. Kifaranga katika siku zake za mwanzo humshika kuwa mama yule amwonaye akitembea mbele yake, jambo ambalo mtaalamu wa Austria, Konrad Lorenz, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1973, alilidhihirisha kwa vifaranga wa bata bukini waliomfuata yeye mwenyewe kila aendako. Walakini siku hizo zikipita, mgeni huwa amekwisha kuwa na fikira zake, hatamtii mtetea, na mtetea naye atamdonoa kichwa.

Hesabu ya siku yafaa kujulikana kwa atakaye kuchanganya tangu katika mayai. Yai la kuku huchukua siku 21, la bata wa kawaida siku 28, na la yule bata mwenye uso wa vinundu vyekundu, aliyezagaa zaidi katika vijiji vyetu, siku 35. Basi mwenye kutaka kuku na bata hao wenye vinundu waanguliwe kwa pamoja chini ya mtetea mmoja, hutanguliza mayai ya bata kwa siku 14, kisha huongeza ya kuku, akiangalia jumla isipite yale yanayofunikika barabara na mwili wake, ambayo kwa kuku wa kienyeji ni 10 hivi, na yakiwa na mayai makubwa ya bata ni machache zaidi. Amkumbuke pia mtetea mwenyewe, ambaye wiki tano za kulala humkondesha vibaya, na amwekee maji na mahindi karibu. Wafugaji wengine hufanya tadbiri iliyo bora kuliko hiyo: huwalaza watetea wawili au watatu siku moja, na watoto wakitoka huwakusanya wote kwa mlezi mmoja, na waliobaki hurudi kutaga baada ya wiki chache badala ya kupoteza miezi katika malezi.

Asiyekuwa na mtetea hana budi kuwa mtetea yeye mwenyewe, na kazi ya kwanza ya mtetea ni joto. Nchi ya Mbarara na Isingiro iko juu, mji wa Mbarara ukipita mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake, hususan miezi ya Juni na Julai, una baridi ambayo mgeni aliyelelewa pwani haitarajii. Kifaranga wa wiki ya kwanza ataka joto la baina ya digrii 32 na 35, kisha lipunguzwe kama digrii 3 kila wiki mpaka manyoya yaote. Kipimajoto ni kitu kizuri, lakini vifaranga wenyewe husema kweli zaidi: wakijikusanya kwa kugandamana na kulia kwa sauti kali, wana baridi, wakikimbilia pembezoni wakatweta midomo wazi, wamezidiwa na joto, wakitawanyika, hawa wakila na wale wakilala kwa kujinyoosha, mlezi na aende zake akalale. Fauka ya hayo yafaa wazungushiwe ukingo wa duara, wa mkeka au wa karatasi ngumu, kwa sababu nyumba yenye pembe ina mauti ndani yake: usiku wa baridi vifaranga husongamana pembeni, wa juu wakapata joto na wa chini wakakosa pumzi.

Umeme hauwafikii wengi, kwa hiyo joto la Nakivale aghalabu ni la makaa katika chungu cha udongo, yaliyofunikwa majivu ili yadumu usiku kucha. Chombo hicho ni chema, lakini chumba kisifungwe kabisa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu, na wale walalao chumba kimoja na vifaranga kwa kuhofia wezi huhatarisha roho zao pamoja na za ndege. Asiyemudu bei ya makaa anaweza kutumia sanduku lililojazwa majani makavu pembeni, likaachwa katikati tundu kama kiota na kufunikwa gunia jepesi linalopitisha hewa, ambapo vifaranga hupashana joto kwa miili yao wenyewe. Njia hiyo imekwisha kuenezwa Uhabeshi na Kenya, nayo hufaa kwa kundi dogo lililokwisha kuvuka siku za kwanza. Chini pawekwe makapi ya kahawa au maranda ya mbao, wala pasiwekwe karatasi laini peke yake, ambayo huwatelezesha vifaranga mpaka miguu ikatanuka na kulemaa.

Sasa nije kwa bata, ambaye ndiye mtihani mkubwa wa kundi lenye mchanganyiko. Bata mdogo si mgonjwa wala si mgomvi. Tabia yake ni nzuri kuliko ya kifaranga wa kuku, na hukua kwa haraka ya kustaajabisha. Aibu yake ni maji. Hawezi kula bila ya kunywa, wala hawezi kunywa bila ya kumwaga, na kwa muda mfupi chombo huwa tope na sakafu ikalowa. Maji hayo yenyewe hayamdhuru bata, lakini humletea kuku maradhi ya kuhara damu, ambayo vijidudu vyake hutoka katika kinyesi vikiwa bado havina nguvu ya kuambukiza, vikahitaji siku moja au mbili za joto na unyevu ili vipevuke. Katika matandiko makavu vijidudu vingi hufa. Katika matandiko yaliyolowa, karibu na chungu cha makaa, hupata kila vinachokitaka. Vifaranga wa wiki 3 hata 6 ndio wanaochukuliwa zaidi, nao huonekana wamejikunyata, mbawa zimelegea na kinyesi kina damu, na wengine hufa kabla mwenye mali hajarudi kutoka duka la dawa za mifugo. Jambo la kushangaza ni kwamba vijidudu vya kuku havimgusi bata, kwa kuwa kila aina ya ndege ina vijidudu vyake. Kwa hiyo bata husababisha msiba ambao yeye mwenyewe hauonji.

Dawa ya haya ni nafuu kuliko dawa za dukani. Bata watengwe baada ya wiki ya kwanza kwa ukingo wa matete, na chombo chao cha maji kisimamishwe juu ya wavu au fito zilizolazwa juu ya shimo la kokoto, maji yapate kushuka chini. Chombo cha kuku kiwe kifupi chenye vijiwe ndani, wasizame, na kanga wadogo, ambao ni wepesi kuliko wote, wapewe kifupi zaidi. Matandiko yageuzwe kila siku na palipolowa paondolewe. Mwenye nafasi finyu asifuge bata na vifaranga wa kuku kwa wakati mmoja, na ikimlazimu kuchagua, mimi ningemshauri achague kuku.

Katika chakula, kundi hili huweza kula sahani moja kwa kiasi fulani. Vifaranga wa kuku hutaka chakula chenye protini ya asilimia 20 hivi; kanga na bata mzinga hutaka zaidi ya hapo; na bata huhitaji vitamini iitwayo niasini kwa wingi kumshinda kuku, na akiikosa miguu yake hupinda na akatembea kwa magoti. Hamira kidogo juu ya chakula humkinga na hilo. Dagaa wa kusaga, wale ambao Waganda huwaita mukene, huongeza protini kwa wote, mradi wawe wamekauka vizuri na hawakuchanganywa na mchanga, kama wauzaji wengine wafanyavyo. Chakula chenye dawa ya kuzuia kuhara damu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuku kisimwagwe mbele ya kundi zima bila ya kuuliza, kwani zimo katika dawa hizo zilizo salama kwa kuku na zenye sumu kwa bata mzinga.

Kubwa kuliko yote katika chakula ni ukungu. Mahindi ya posho au ya shamba yaliyowekwa katika nyumba yenye unyevu hufanya ukungu, na desturi ya watu ni kuyatenga yale mabovu wakawapa kuku, wakidhani wameokoa kitu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukafichua kwamba mashudu ya njugu waliyolishwa, yaliyotoka Brazil, yalikuwa na sumu ya ukungu ambayo tangu hapo imeitwa aflatoksini. Katika ndege wote wa nyumbani, bata wadogo ni katika walio wepesi kabisa kudhurika na sumu hiyo. Mahindi yasiyofaa kuliwa na mtoto wa mtu hayafai kumpa kifaranga, na mahali pake ni shimo la taka.

Nilisema kwamba umri ndio tofauti ya hatari, na maelezo yake yamo katika afya. Kuku mzima aliyekwisha kupona maradhi mengi huyabeba bila ya kuonyesha dalili; anatembea uani mwenye afya, anaacha kinyesi, na vifaranga wa wiki 2 wanakidonoa. Kwa sababu hiyo vifaranga wa sanduku wawe na pao peke yao kwa wiki 6 hata 8, mlezi awahudumie wao kwanza kila asubuhi ndipo aende kwa wakubwa, wala asirejee kwao na viatu vile vile. Bata mzinga ana jambo la ziada, kwa kuwa hupata kwa kuku, kwa njia ya minyoo ya matumboni, maradhi ya ini yanayomwua yeye na kumwacha kuku mzima. Mwenye kumpenda bata mzinga amweke mbali na uwanja wa kuku, au asimfuge.

Ama mdondo, ambao wengine huuita kideri, hauna haja ya utangulizi kwa mtu yeyote aliyefuga kuku Afrika Mashariki, ambako ulitambuliwa pwani ya Mombasa mwaka 1935, miaka michache tu baada ya kujulikana kwa mara ya kwanza huko Newcastle na Java. Hufika kama moto, na wiki moja baadaye uwanja ni mtupu. Tiba haipo, ipo kinga. Chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya nchi za joto, hustahimili joto kuliko nyingine, hutiwa tone moja katika jicho, na kipimo chake ni hicho hicho kwa kifaranga na kwa jogoo, jambo ambalo ni rehema kwa kundi la umri mbalimbali. Wote huchanjwa siku moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Wanaotumia chanjo za kunywa wajihadhari na maji ya bomba yaliyotiwa klorini, kwani dawa inayosafisha maji ya binadamu huiua chanjo kabla haijafika kooni mwa kuku. Maji ya mvua yaliyo safi hufaa zaidi. Majirani wakichanja pamoja faida huwa kubwa, kwa kuwa chupa moja ya chanjo hutosha kuku mamia na haiwekeki baada ya kufunguliwa. Bata naye asisahauliwe: mdondo huweza kukaa ndani yake bila ya kumwumiza, akawapelekea wenziwe. Tena asiachiwe kwenda kuchanganyika na ndege wa porini ziwani, maana Ziwa Nakivale na mabwawa yake ni makao ya ndege wengi wa maji, na mafua ya ndege yalipothibitishwa Uganda mwezi wa Januari 2017, kwenye fukwe za Ziwa Victoria, yalionekana kwa ndege wa porini na kwa bata wa kufugwa vile vile.

Ugomvi wa vifaranga ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Msomi wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliandika mwaka 1921 jinsi kuku wanavyopangana kwa daraja za kudonoana, na vifaranga nao huanza kupangana wangali wadogo. Kwa hiyo waliokua pamoja, Kuroiler na wa kienyeji, huafikiana bila ya shida, na mgeni aingizwe usiku, tena pamoja na mwenzake, asiwe peke yake. Kudonoana hata damu ikatoka hutokana na msongamano, joto au upungufu wa chakula, na kifaranga mwenye jeraha atolewe papo hapo, kwani rangi nyekundu huwavuta wenziwe kuliko punje.

Faida ya mchanganyiko huonekana siku ya kuuza. Pora wa Kuroiler huwa tayari kwa miezi mitatu au minne, ilhali wa kienyeji huchukua takriban sita, na Nakivale ni mahali ambapo sikukuu hazifiki siku moja. Wahabeshi wa kanisa la kale hufunga nyama na mayai siku nyingi kabla ya Pasaka yao, ambayo aghalabu hailingani na ya Wakatoliki, na Krismasi yao huangukia 7 Januari. Waislamu wana Idi mbili zinazosogea kila mwaka. Na Wakongomani na Warundi hula Krismasi ya Desemba. Mfugaji aliyepiga hesabu kinyumenyume kutoka sikukuu hizo, akanunua sanduku lake Mbarara kwa wakati wake na kulaza mayai yake kwa wakati wake, huwa na majogoo wa kuuza kila mara mnunuzi ajapo, na wala hashurutishwi kuwauza wote kwa bei ya siku moja. Kuku mmoja tu asiuzwe, hata mnunuzi akitoa bei ya wawili: yule mtetea wa kienyeji aliyelala juu ya mayai ya bata kwa siku 35 na asiyaache.